Siku Somoe Alipolisikia Neno Barazani

Newala, upande wa Mnyambe

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, na shikamoo nyingine mpelekee Mama huko jikoni, umwambie aipokee na mikono yenye unga hivyo hivyo, asisubiri kunawa. Hali zenu? Kifua chako kinachokubana msimu wa baridi kimekuachia? Mdogo wangu Elia aliniandikia kwamba siku hizi unapiga randa ukiwa umekaa kwenye kigoda. Mwanzoni habari hiyo ilinitia wasiwasi, kisha nikafurahi kwamba angalau umekubali kukaa. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hilo usimsomee Mama. Si njaa, ni kushuka na kupanda milima. Ugali wa muhogo nimeuzoea mpaka nikiukosa naudai, na ming'oko, vile viazi vyembamba vinavyochimbwa porini, navichemsha na kuvila kwa chumvi kama mtu aliyezaliwa huku.

Nimekawia kuandika, naomba mnisamehe. Kulikuwa na mambo yaliyoanza, nami sikutaka kuyasimulia kabla sijajua mwisho wake. Sasa nimeujua. Tafadhali soma barua hii kwa sauti, Mama naye aisikie, na kama Baba Mdogo yupo barazani usimfukuze.

Nianze na maji, kwa sababu bila maji hamtaelewa kitu. Huku juu tunakokaa hakuna mto wala kisima. Udongo ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha huinywa yote na kesho yake unafuta vumbi miguuni. Chemchemi ziko bondeni kabisa, chini ya ukingo wa mlima. Wanawake huamka majogoo, hushika madebe na vibuyu, wakateremka kwa njia ya mawe inayoteleza, wakasubiri zamu kwenye kijichemchemi kinachotoka kama machozi, halafu wakapanda tena na mzigo kichwani. Jua huwa limeshakuwa kali wanapofika nyumbani. Maji hayo ndiyo ya kupikia, ya kunywa na ya kuogea watoto. Mimi nilipofika nilioga kama nilivyozoea Muheza, na mama mwenye nyumba akanitazama kama mtu aliyemwaga mafuta ya taa chini. Tangu siku ile nimejifunza kuoga kwa kikombe.

Wasichana wangu wa darasa la nane nao ni wachota maji. Hufika shule wamechelewa, kanga zimelowa mabegani, na wengine husinzia kabla sijafuta ubao. Mwalimu Mkuu wetu, mzee mpole wa Masasi, huwaacha tu. Aliniambia, "Mwalimu Damari, huwezi kumpiga mtoto kwa kosa la kuleta maji nyumbani kwao."

Katika hao yumo mmoja anaitwa Somoe. Ni mrefu, hasemi haraka, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Baba yake yuko huko kwetu, kwenye mashamba ya mkonge, na huonekana nyumbani kwa nadra. Lakini kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu ya Somoe ni mjomba wake, Mzee Nachundu. Huyu ni mtu wa heshima kijijini, mkulima wa korosho, kofia yake nyeupe siku zote, na hapendi hata kidogo kuchekwa mbele za watu.

Kabla msimu wa korosho haujaanza Mzee Nachundu alinijia shuleni. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mimi si adui wa kitabu," alisema. "Nilimwacha asome tangu la kwanza. Lakini mama yake Somoe, dada yangu, mgongo wake umekufa. Hawezi tena ule mlima. Nyumba ile ina wadogo watano. Nani atawatekea maji?"

Nikamwambia mtihani hauko mbali, avumilie.

"Avumilie nani? Mtoto mwenye kiu?" akaniuliza. "Tukimaliza kuokota korosho, Somoe atabaki nyumbani. Nimekuja kukuambia mapema ili usije ukaona nimekudharau."

Alikuwa na haki. Somoe mwenyewe alikuwa amesimama nje, amesikia yote, na alipoingia darasani alifungua kitabu chake kama kawaida. Hakulia. Ningeona afadhali angelia.

Sasa nije kwenye Kiingereza. Usicheke, maana hapa ndipo kiini cha habari yangu kilipo. Katika Kiingereza kuna kitenzi kisichokuwa na mwenyewe, hakisemi ni mimi, ni wewe, wala ni yule. Kwetu huanza na ku: kuchota, kubeba, kujenga. Wao hutanguliza neno dogo "to." Ungedhani ni rahisi, umeshamaliza. Kumbe kitenzi hicho kina sura nyingi. "To fetch" ni kuchota. "To be fetching" ni kuwa katika kuchota, mkono umo majini. "To have fetched" ni kuwa umekwisha kuchota, debe liko kichwani. Ukigeuza upande wa kinachotendwa, "to be fetched" ni kuchotwa, maji bado yako huko chini yanangoja. Na "to have been fetched" ni kuwa yamekwisha kuchotwa, yamo mtungini. Kisha pana pahali ambapo lile neno "to" halitakiwi kabisa, baada ya "let," kuacha, na "make," kufanya, na hapo wasichana wangu walinitesa. Kila siku, "Teacher, let me to go out." Nami kila siku, "Toa 'to,' ndipo utoke."

Darasani mambo haya yaliwachanganya. Wote walikubali kuchota na kuchotwa, kwa sababu hata Chimakonde kinayo. Lakini hilo "to have been" waliliona ni kelele tu, Mzungu anaongeza maneno ili sentensi iwe ndefu. Mtihani ulikuwa unakuja, na sura hizo kila mwaka huulizwa. Nikafikiri: hawa wanatumia saa ngapi njiani? Basi nikachukua debe langu, nikaanza kuteremka nao.

Siku ya kwanza walinicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu, mgeni, na kata ya majani kichwani! Nilimwaga nusu ya maji kabla ya kufika juu, na nusu nyingine iliishia mgongoni mwangu. Lakini somo lilianza hapo. Tulipokuwa tunashuka tulisema yote ya kutaka kutenda: "We are going to fetch." Tulipokuwa kwenye foleni tulisema yaliyokuwa yanatendeka. Tulipopanda, yaliyokwisha kutendeka. Niliwauliza, huku napumua kama ng'ombe, "Haya maji yaliyo kichwani, ni 'to be fetched' au 'to have been fetched'?" Wakajibu kwa sauti moja, bonde likaitika. Na Somoe, yule asiyesema haraka, akasimama katikati ya njia na debe lake likiwa limetulia kichwani, akasema, "Ahaa. Kwa hiyo mtu akisema 'to be,' niende nikachote. Akisema 'to have been,' nikalale."

Nilicheka mpaka nikamwaga tena. Lakini hakuna kitabu kilichopata kunielezea vizuri namna hiyo. Tangu hapo tulikuwa tunafanya mazoezi kila asubuhi. Wanawake wengine njiani walituzoea, na baadhi yao wakawa wanaitikia bila kujua wanasema nini, kama watu wanavyoitikia wimbo wa ngoma.

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kazi ya kupandisha maji huku juu. Mashine zinayasukuma kutoka bondeni, yanapita katika mabomba na kuingia kwenye matangi, na kila kijiji kilichopata tangi kiliimba. Kwetu walikuja watu, wakapima, wakapigilia vigingi kwenye uwanja ulio nyuma ya mkorosho mkubwa wa Mzee Nachundu, wakaenda. Vigingi vikakaa. Watu wakangoja mpaka wakachoka kungoja, wakaanza kufungia mbuzi.

Ndipo ikaja habari kwamba Bwana DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atafanya baraza katika uwanja wa shule yetu. Mwalimu Mkuu akaniagiza niwaandae wasichana wamwimbie mgeni. Siku hiyo watu walijaa, wazee mbele kwenye mikeka, wanawake pembeni, sisi wa shule nyuma yao. Bwana DC ni kijana, ana uso mwekundu wa jua, na Kiswahili chake ni cha kusalimia tu, kwa hiyo alikuja na mkalimani wake, Bwana Selemani, mzee wa Lindi aliyefanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa.

Baraza lilianza na mambo ya kodi, kisha mambo ya kusafisha mikorosho. Kisha Bwana DC akageuka, akatabasamu, akasema maneno ambayo nayasikia hata sasa: "The tank in this village is reported to have been completed."

Bwana Selemani akasema kwa sauti yake nzuri, "Bwana DC anasema, tangi la kijiji hiki litakamilika."

Baba, vigelegele! Wanawake waliruka. Mama mmoja alimkumbatia Mwalimu Mkuu, jambo ambalo huku halijapata kuonekana. Bwana DC alifurahi kuona watu wamefurahi, akaanza kufunga shughuli.

Mimi nilibaki nimesimama kama nguzo. Nikahisi kanga yangu inavutwa. Ni Somoe.

"Mwalimu," alininong'oneza, "amesema 'to have been.'"

"Nimesikia."

"Basi kwao limekwisha. Hawatakuja kujenga."

Hakufunika mdomo wala hakucheka. Ukweli ulikuwa huo huo. Ofisini waliamini kwamba tangi letu lipo. Na kama baraza lingevunjika kwa vigelegele vile, Bwana DC angerudi bomani kusema kijiji kimepokea kwa furaha, na sisi tungeendelea kungoja kitu ambacho kwao kimeshapita.

Nikataka kusema mimi. Lakini Somoe alinitangulia. Kwa adabu za huku, msichana hasimami katikati ya baraza la wazee akaropoka, naye hakuropoka. Alizunguka nyuma ya mikeka akiwa ameinama, akapiga magoti nyuma ya mjomba wake, akamwambia sikioni kwa Chimakonde. Mimi nilisogea karibu, nikaelewa, maana Chimakonde nimeanza kukishika.

Mzee Nachundu hakugeuka. Alisema taratibu, "Una hakika?"

"Nina hakika, mjomba."

"Hakika ya kusoma, au hakika ya kusikia?"

"Zote mbili."

Nilimwona akimtazama Bwana Selemani na koti lake la serikali. Akamtazama Bwana DC. Akawatazama wazee wenzake, ambao bado walikuwa wanapeana mikono. Mtu yule, nimekwisha kukuambia, haogopi chochote kama kuchekwa. Kama mtoto amekosea, yeye ndiye atakayekuwa amesimama na kuaibika mbele ya Newala nzima kwa maneno ya msichana. Alivua kofia yake nyeupe, akaiweka kwenye goti, akaivaa tena, akasimama.

"Bwana DC," alisema, "tunashukuru. Lakini mtoto wa dada yangu, ambaye ni mwanafunzi wa shule hii, ananiambia umesema tangi limekwisha kujengwa. Kama limekwisha, tunaomba utuonyeshe lilipo. Maana sisi hatulioni, na kiu yetu nayo haijaliona."

Watu walicheka, wengine wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Nachundu, kaa, usituharibie." Hakukaa. Bwana Selemani aliyatafsiri maneno yake polepole sana. Bwana DC akaacha kutabasamu. Akauliza ni mwanafunzi gani.

Somoe akasimama. Alisema kwa Kiingereza, neno moja baada ya jingine kama mtu anayeshuka kwenye mawe: "Sir, you said 'to have been completed.' It is not completed, Sir. It is still to be built."

Bwana DC akamuuliza, naye kwa Kiingereza, "Hakuna tangi kabisa?"

"Vipo vigingi, Bwana," akajibu kwa Kiingereza kile kile. Neno la vigingi hakuwa nalo, akasema ni miti midogo iliyosimama, na mbuzi.

Bwana DC akasema twende tukaone. Baraza zima likamfuata, watoto mbele. Nyuma ya mkorosho tulikuta vigingi vyote vipo, na kwenye kila kigingi mbuzi anatafuna. Bwana DC alisimama pale, mikono kiunoni. Kisha akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyegundua kwamba yeye ndiye aliyedanganywa. Akasema ofisini lazima walichanganya kijiji chetu na kingine. Akamgeukia Somoe, akampa mkono, kama anavyowapa wanaume. Akauliza nani amemfundisha. Somoe akanionyesha mimi, na mimi, Baba, ambaye uliniambia niwe najibu watu wakubwa bila kutazama chini, nilitazama chini.

Kabla hawajaondoka, Bwana Selemani alinifuata. Nilidhani ananichukia. Aliniambia, "Binti yangu, usidhani sikulisikia lile neno. Nililisikia sawasawa. Lakini niligeuka huku, nikageuka huku, sikuona tangi. Nikasema moyoni, Mzungu amekosea, acha nimsahihishie." Tulicheka wote wawili hadi tukafuta macho. Akaomba nimwite Somoe, akamshika kichwa, akamwombea dua.

Mafundi hawakuja kesho yake, msifikiri hivyo. Mvua zilianza, mto ulio njiani kutoka pwani ukajaa, na lori la saruji likakwama Nanganga, watu wakawa wanaulizana kila gari likipita, "Saruji imefikia wapi?" Mjini Masasi nako ilikaa tena. Lakini ilifika. Wanaume wa kijiji walichimba mtaro wa mabomba wenyewe, na Mzee Nachundu aliukata mkorosho wake mmoja kwa hiari kwa sababu mizizi ilikuwa njiani. Mkorosho wenye kuzaa, Baba. Watu walimzuia. Akasema, "Nitapanda mwingine, na huo nitaumwagilia."

Siku maji yalipofunguliwa, bomba lilikohoa kwanza, likatema hewa na kutu, kisha yakaja. Mama Somoe aliletwa akishikwa mkono kwa ajili ya mgongo wake. Akakinga viganja, akanywa, akajipaka uso. Watu walikuwa wanaimba lakini yeye alikuwa anatazama yanavyotoka yenyewe. Kisha akaniuliza, kwa dhati kabisa, "Mwalimu, sasa asubuhi nitafanya nini?"

Nilisema kwa mzaha tu, "Njoo shule."

Akaja. Siku ya pili yake, amevaa kanga mpya, na wenzake sita, mmoja wao ni bibi mwenye ndonya mdomoni, lile pambo la mti wanalovaa wanawake wa zamani. Walibisha hodi, nami kwa haraka nikasema shikamoo, maana ni mama zangu. Mama Somoe akakataa kuitikia. "Humu ndani wewe ndiye mkubwa," alisema, "sisi ndio tutakuamkia." Tukabishana mlangoni hadi bibi yule akasema tutakuwa tunaamkiana kwa zamu. Ninawafundisha kusoma na kuandika kabla ya wasichana kuingia, saa zile zile walizokuwa mlimani. Kiingereza hawajaanza. Lakini bibi wa ndonya, nikiuliza swali, hujibu kwa nguvu, "To have been!", kwa sababu ndilo neno alilolisikia njiani, na analiona lina bahati.

Habari ya mtihani. Wasichana wangu wote walifaulu Kiingereza. Narudia, Baba, wote. Mwalimu Mkuu alipokuja na matokeo alisahau kuvaa viatu. Na Somoe amechaguliwa kwenda Masasi, kwenye chuo cha walimu wa kike. Hakuna aliyetaja tena kwamba abaki nyumbani. Mjomba wake mwenyewe ndiye aliyemnunulia sanduku la bati, akaliandika jina la mpwa wake kwa rangi, herufi kubwa zisizolingana, na hakutaka fundi yeyote amsaidie.

Tulimpeleka juma lililopita, Mzee Nachundu na mimi, kwa lori la korosho. Kushuka kutoka huku juu mpaka tambarare ya Masasi ni safari ya kushika roho mkononi. Somoe alikaa juu ya magunia, akitazama majabali yale makubwa yanavyokua kadiri tunavyosogea. Kila lori liliposimama, mjomba wake aliwaambia watu wa barabarani, watu asiowajua, "Huyu ni mwana wa dada yangu. Anakwenda kuwa mwalimu." Aliwaambia wauza mihogo. Alimwambia utingo, ingawa utingo alikuwa amesikia tangu Newala.

Chuoni mama mkuu aliuliza mlezi ni nani. Mzee Nachundu akasema, "Mimi. Na huyu." Akanionyesha kwa mkono wazi, kama mtu anavyoonyesha ndugu yake. Somoe alitushika mikono wote wawili, akapiga goti, akaenda zake na sanduku kichwani bila kulishika. Hakugeuka nyuma. Mjomba wake alisafisha koo mara nyingi, akasema ni vumbi.

Tulipokuwa tunangoja lori la kurudi aliniuliza, "Mwalimu, baba yako anafanya kazi gani huko?"

Nikamwambia wewe ni seremala wa Muheza, unatengeneza milango na madawati.

"Ana wana wa kiume?"

"Anaye mmoja."

"Na bado alikuachia wewe uje mpaka huku?"

Nikamwambia ndiyo, tena watu walimsema, hata ndugu yake mwenyewe. Akasema, "Ukimwandikia, umwambie hivi. Nachundu wa Newala anamsalimu. Mwambie binti yake tunamtunza kama wetu. Na wa kwangu, yeye amenitunzia."

Basi, Baba, nimekufikishia kama alivyosema, sikuongeza neno wala sikupunguza. Ujumbe huo ni wako peke yako, lakini ukitaka kumsomea Baba Mdogo, sina kipingamizi.

Nisalimie Mama, umwambie unga wa mahindi huku unapatikana, asihangaike kutuma. Nisalimie Elia, mwandishi wa nyumba, aendelee kuandika kwa nafasi asibane maneno. Bibi mzaa baba mshikie miguu kwa niaba yangu. Shangazi Ester, aliyenisindikiza mpaka kituoni bila kulia, mwambie nilimwona alipogeuza uso. Na fundi mwenzio Baba Yonathani, aliyenitengenezea sanduku la safari, mwambie bawaba zake hazijalegea mpaka leo.

Mungu awalinde nyote, na kifua chako akipe pumzi. Nawaombea kila siku, nanyi niombeeni.

Ni mimi binti yako, ninayejivunia kuwa binti yako,

Mwalimu Damari